Tela Langu na Paa la Chunyu

Jumatatu, 4 Novemba 2024. Nachingwea.

Joto. Mawingu yalijikusanya upande wa Ruangwa, halafu yakaghairi. Afadhali.

Asubuhi nimepeleka kenta na tela kwa fundi Bwanali. Nilitaka aangalie breki tu. Bwanali hajui kuangalia kitu kimoja. Akainua tela kwa jeki, akazungusha gurudumu la kushoto kwa mkono, akatega sikio kama daktari anayesikiliza kifua. Akasema beringi za upande huo zimekwisha. Springi nayo ina bapa la chuma lililopasuka. Tela lisiguse barabara kabla hajapata vifaa, na vifaa ni Alhamisi.

Nikamweleza hali ilivyo. Bibi Mwanakheri wa Chunyu ameshaezua paa lake la nyasi, kwa sababu mimi nilimwahidi mbao na bati Jumatano. Anaishi na wajukuu wanne chini ya turubai, katikati ya kuta zisizo na paa. Seremala wangu Gidioni ametangulia huko tangu jana. Mvua za kwanza ziko njiani. Alhamisi haipo.

Bwanali akasema basi niache tela hapa, mzigo niupeleke kwa kenta peke yake, safari mbili.

Safari mbili. Dismas wa Ruangwa, anayefanya kazi hii hii ya kuezeka, hupeleka paa zima kwa safari moja, na akipita mjini hupunguza mwendo ili watu waone. Dismas huyo ana daftari la lori lake. Kila Jumamosi anapaka grisi, kisha anaandika tarehe. Mtu mzima, anakaa anaandika tarehe.

Hapo nikapata wazo. Mbao zote nitazipanga upande wa kulia. Gurudumu la kushoto litakwenda bila kazi, kama mgonjwa anayesindikizwa.

Bwanali akafuta mikono kwa tambara. Akasema polepole, "Octavian, gurudumu halipumziki likiwa linazunguka."

Nimeondoka na tela langu. Mke wangu Aneth alikuwa barazani anasahihisha madaftari ya darasa la tano. Hakuinua kichwa. "Tela limekwambia, fundi amekwambia, na mimi nakwambia," akasema. "Umebaki kuambiwa na barabara."

Walimu.

Jumanne, 5 Novemba. Marambo, kisha nyumbani.

Nimepakia mbao Marambo. Upande wa kulia, kama nilivyopanga. Tela likainama mpaka muuza mbao akaja kuuliza kama nalipindua makusudi. Nikazihamisha nusu kushoto. Wazo limekufa kabla halijatoka getini.

Mgongo unauma. Nina miaka arobaini na sita, na karibu yote nimeitumia kupakia na kupakua.

Mchana nimepaka tela rangi. Bluu iliyobaki tulipopaka mlango wa jikoni. Hesabu yangu ni hii: trafiki hasimamishi tela linalopendeza, husimamisha linaloonekana linaumwa. Nyuma nimeandika kwa rangi nyeupe, TUTAFIKA. Herufi ya mwisho imekosa nafasi, ikabidi ikae juu ya taa.

Gidioni amepiga simu kutoka Chunyu. Anasema Bibi Mwanakheri anamlisha vizuri mno na yeye hajapiga hata msumari mmoja. Anaona aibu. Anauliza kama kweli ni kesho. Nikamwambia kesho ni kesho.

Jumatano, 6 Novemba. Barabara ya Chunyu, kando.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya mbao. Mbao ziko juu ya tela. Tela limelalia upande mmoja.

Safari ilianza vyema. Bati na misumari kwenye kenta, mbao kwenye tela, kila kitu kimefungwa kamba. Trafiki alinisimamisha kabla sijaingia Ruangwa. Aligusa tela, kidole kikatoka na bluu. Akauliza kuhusu taa. Nikawasha. Iliwaka moja, ile isiyo na herufi. Akasema nitafute fundi. Nikamwambia ndiko ninakokwenda. Nilidhani ninadanganya.

Baada ya mji nikashika barabara ya vumbi. Muda kidogo nikasikia tela linaimba. Sauti nyembamba. Nikafungua redio. Sauti ikawa nene kuliko redio. Halafu kimya, kisha kishindo, na kenta ikavutwa kushoto kama mtu aliyeshikwa kola.

Gurudumu la kushoto halikusimama. Lilinipita, likakata kona ya shamba, likaenda moja kwa moja kwenye kundi la ng'ombe. Ng'ombe wakalipisha. Wana akili kuliko nilivyofikiri.

Mwenye ng'ombe akalileta mwenyewe, analivingirisha kwa mikono miwili. Mtu mrefu, mtulivu, kofia pana. Anaitwa Bundala. Alihama na mifugo yake kutoka upande wa Ziwa, sasa ana boma hapa karibu. Nilitaka kuonyesha nina adabu, nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Akaitikia vizuri, kisha akaniambia hiyo ni ya asubuhi, na sasa ni saa kumi jioni.

Akazunguka nyuma ya tela. Akasoma. Akauliza, "Lini?"

Akasema ana mkokoteni na jozi mbili za maksai. Chunyu si mbali. Mzigo huu ni safari nne, labda tano, na kesho mchana ungekuwa umefika.

Nikamshukuru nikakataa. Mimi ni mtu wa injini. Siwezi kuingia kwa mteja nikiwa nyuma ya mkia wa ng'ombe, tena Dismas anaishi wilaya hii hii.

Na Dismas akapita. Lori safi. Akasimama, akashusha kioo, akauliza kama kuna tatizo. Nikamjibu nimelipumzisha tela kidogo. Akaliangalia tela. Akaangalia gurudumu, lililokuwa limelala mita tatu pembeni. Akasema, "Haya kaka, pumziko jema." Akaondoka taratibu.

Sikuipenda ile taratibu.

Alhamisi, 7 Novemba. Hapo hapo, na kilomita mbili mbele.

Nimelala juu ya mbao. Shingo haigeuki kulia.

Bwanali kwenye simu: vifaa vimefika Nachingwea leo asubuhi. Kama alivyosema. Nikamwambia asihangaike, nitamalizana nalo mwenyewe.

Nilikuwa na wazo. Baba yangu mdogo aliwahi kukosa beringi za baiskeli akatumia ngozi na mafuta, akaendesha mwaka mzima. Nikaenda bomani kwa Bundala kuomba kipande cha ngozi ya ng'ombe na mafuta ya ng'ombe. Akanipa vyote. Akauliza ni dawa ya nini. Nilipomweleza akarudia kwamba maksai wapo.

Nikakata ngozi, nikaiviringisha kwenye ekseli, nikajaza mafuta, nikarudisha gurudumu. Saa tatu za kazi kwenye jua. Gurudumu likazunguka. Nakiri nilijisikia mkubwa.

Kilomita ya kwanza, salama. Kisha ngozi ikapata moto. Moshi ukaanza kutoka gurudumuni, na moshi ule ulinukia nyama choma. Mbwa wa kwanza alitoka kwenye nyumba fulani yenye uzio wa mabua. Akanifuata. Wakaja wengine wawili. Kufikia kilomita ya pili nilikuwa na mbwa saba nyuma yangu, wanakimbia kimya kimya, wananiamini.

Gurudumu likashika. Halizunguki tena. Nikasema nisisimame katikati ya mlima, nikakanyaga mafuta. Kenta ikanguruma, tela likaburuzwa, nikakanyaga zaidi. Harufu ikabadilika. Mbwa wakaondoka.

Ilikuwa klachi. Imeungua. Sasa sina tela na sina kenta. Nina mbao, bati, na mlima.

Gidioni amepiga. Anasema Chunyu imetanda na wingu zito. Wajukuu wameanza kuhamisha vitu kwenda kwa jirani, lakini jirani mwenyewe ana chumba kimoja. Nikamwambia kesho. Akasema Bibi ameuliza kama mtu mwenyewe ni mzima, maana mtu mzima haahidi hivi.

Ijumaa, 8 Novemba. Mlimani.

Asubuhi ilikuja bodaboda, nyuma yake amekaa Bibi Mwanakheri. Ameshika hotipoti mikononi kama mtoto mchanga.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno: springi, ekseli, ubovu wa barabara, vifaa vya siku hizi. Hakuniuliza chochote. Akanipa chakula. Ugali wa muhogo na kisamvu. Akasema nile kwanza, maana Gidioni amemwambia nimelala njiani siku mbili.

Nikala. Yeye akakaa juu ya mbao zake, akazipapasa moja moja. Jana jioni, akasema, upepo ulibeba turubai. Walilikuta kwenye mkorosho wa jirani. Mjukuu wake mdogo anakohoa. Alieleza yote hayo kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za sokoni.

Nikaanza kueleza habari za klachi.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikuagiza lori. Niliagiza paa."

Basi. Nikafunika hotipoti. Nimeezeka nyumba mia na zaidi, na sikumbuki lini nilikaa nikafikiri juu ya walio ndani. Huwa nafikiri juu ya nani ataniona nikipita.

Nikatembea mpaka kwa Bundala. Njiani nilitunga hotuba ya kuomba. Sikuhitaji. Mkokoteni ulikuwa uwanjani, nira na kamba vimeshawekwa juu yake. Akasema viko hapo tangu juzi, hakuona sababu ya kuviondoa.

Safari tatu leo, mpaka jua linazama. Maksai hawana haraka na hawana kelele. Kwenye mlima ulioua klachi yangu walipanda huku mmoja wao akitafuna kitu.

Jumamosi, 9 Novemba. Chunyu.

Safari ya nne asubuhi. Ya tano, yenye bati, ilikuwa katikati ya njia mvua ilipoanza.

Si ya kutisha. Matone makubwa, moja moja, yanayonuka vumbi. Lakini mimi niliijua hiyo ni salamu tu. Bundala hakuwapiga maksai. Aliwasemesha. Wakaongeza mwendo, kweli, kwa heshima fulani. Mimi nilikimbia pembeni nikishika bati zisiteleze, mtu wa injini, viatu mkononi.

Tulipofika mvua ilikuwa imeamua. Gidioni alikuwa juu ya ukuta tayari, amevua shati. Hatukusema habari za asubuhi. Tulilaza mbao nane kutoka ukuta hadi ukuta kwenye kona ya chumba kimoja, tukapandisha bati bila msumari, tukazigandamiza kwa mawe. Majirani walileta mawe. Bundala alileta jiwe ambalo mimi na Gidioni tusingeliinua.

Wajukuu wakaingia kwenye ile kona. Bibi akaingia wa mwisho, na jiko lake. Maji yalijaa sehemu nyingine yote ya nyumba. Pale konani palikuwa pakavu. Yule mdogo akakohoa, kisha akalala begani kwa bibi yake.

Mimi nilikuwa nje, nimeshikilia bati moja iliyokuwa inainuka kwa upepo. Nilishika karibu saa nzima. Hakuna aliyeniomba. Sikufikiri juu ya Dismas hata mara moja, nadhani.

Jumatatu, 11 Novemba. Chunyu.

Jana mvua kutwa. Leo jua, tumepiga kenchi, zile mbao za kubeba bati.

Dismas amekuja. Alisikia habari zetu Ruangwa. Amekuja na ngazi mbili ndefu na watu wake wawili, akaegesha lori lake mbali ili asiharibu uwanja wa Bibi. Hakutaja pumziko la tela. Akauliza tu aanzie upande gani. Hili limeniumiza kuliko kama angenicheka. Mtu akikucheka unapata pa kumshika.

Alipanda upande wa mashariki kupiga bati, mimi magharibi. Nikaona anakwenda haraka. Nikaongeza kasi. Akaongeza. Gidioni alituambia kutoka chini kwamba hii ni nyumba, si ligi. Nilijipiga nyundo kidole gumba. Dismas alimaliza kwanza, akaja kunisaidia. Nikamshukuru huku nimeuma meno.

Bwanali, niliyempigia simu jana, naye amefika Ruangwa kwa basi na diski mpya ya klachi mapajani. Ameanza kufungua kenta pale mlimani.

Jumanne, 12 Novemba. Chunyu.

Saa nane mchana msumari wa mwisho wa kofia ya paa. Saa tisa mvua, ile yenyewe, ya kuangusha matawi.

Tulikuwa wote ndani: Bibi, wajukuu, Gidioni, Dismas na watu wake, Bundala na kofia yake, majirani kadhaa waliokuja kuangalia wakabaki. Kelele ya mvua juu ya bati mpya haina mfano. Huwezi kuzungumza. Unatabasamu tu na kunyoosha kidole juu. Yule mdogo aliziba masikio akacheka, akazibua, akaziba tena.

Kisha likadondoka tone. Moja. Likafuata lingine, mahali palepale, karibu na ukuta wa magharibi. Watu wote wakatazama juu, halafu wakanitazama mimi. Ni pale nilipojipiga kidole.

Bibi akachukua sufuria, akaiweka chini ya tone. Nikaanza kusema nitapanda mvua ikikatika. Akanivuta sikio karibu na mdomo wake nimsikie.

"Utapanda," akasema. "Lakini hilo moja hata likibaki nitalizoea. Nilikuwa na mvua nzima."

Nikatoka barazani nikakaa peke yangu kidogo. Macho yaliwasha. Vumbi la mbao, labda.

Mvua ilipokatika nikapanda. Nilipachika mpira na msumari mwingine. Tone limekoma.

Jumapili, 17 Novemba. Nachingwea.

Nyumbani. Mwili wote unauma, kila kiungo kwa lugha yake.

Kenta inatembea. Bwanali ameipa klachi. Ekseli ya tela imekufa, anasema, na ameniandikia kwenye karatasi ni siku zipi nipake grisi, nikague nini, kila wiki. Aneth ameibandika ukutani kwa gundi ya shule.

Nimekaa nikatafakari sana juu ya yote yaliyotokea. Nimeliona kosa. Kosa lilikuwa beringi. Kitu chenye beringi lazima kitaharibika, ndivyo kilivyoumbwa. Maksai hawana beringi. Hawana klachi, hawana taa, hawana springi.

Kwa hiyo nimepatana na Bundala. Ananiazima jozi moja mpaka Krismasi pamoja na mkokoteni, nami nitamwezekea nyumba yake kwa bati. Nimewaleta maksai juzi, wamesimama juu ya kenta, mkokoteni ukivutwa nyuma kwa kamba. Mjini Ruangwa watu walitoka madukani. Dismas alipunga mkono. Nilipita taratibu.

Bundala alinipa maelekezo mengi. Siku nne wasifanye kazi, wazoee maji ya huku. Wapelekwe kuoshwa dawa ya kupe. Chumvi. Mmoja ana kidonda kidogo chini ya nira, kisafishwe asubuhi na jioni. Aneth akauliza kama ayaandike. Nikamwambia hakuna haja, hawa si mashine.

Mwalimu mwenzake, Hosiana wa Mtua, anataka kuezeka jiko na stoo. Nimemwahidi mbao kesho asubuhi. Safari moja.

Maksai wako vizuri. Mmoja amelala chini tangu saa sita na hataki kuinuka. Nadhani ameamua kuzimaliza siku zake nne za kupumzika zote leo. Sijamwingilia.